Nchi Isiyokuwa na Siku ya Kuzika

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Anayedhani anaijua na anyamaze, mimi sikumtajia jina. Ina mito miwili, milima kadhaa, wabunge wengi kupita kiasi, na Wizara ya Sikukuu, Shangwe na Tabasamu, ambako nilifanya kazi miaka kumi na mmoja nikiwa Mkaguzi wa Shangwe, Daraja la Pili. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni mwa sherehe na daftari, kusikiliza watu wanavyoshangilia, kisha kuandika: shangwe ndogo, shangwe ya wastani, shangwe kubwa. Msicheke. Wapo walioisomea kazi hiyo na kutunukiwa vyeti.

Zamani tulikuwa na sikukuu kama watu wengine wote: za dini, ya mavuno, ya uhuru, na ile ya kuzaliwa kwa Mtukufu Rais. Watu walizisubiri, wakashona nguo, wakachinja kuku, wakatembeleana. Kisha akateuliwa Waziri mpya, Mheshimiwa Dakta Filemoni Kipandauso, mtu mnene wa mwili na wa sauti, mwenye udaktari mwembamba alioupata kwa njia ya posta. Mwezi wake wa kwanza ofisini alizunguka nchi ishirini na nne kwa ziara ya mafunzo. Huko alikuta watu wakirushiana rangi, wakirushiana maji, wakirusha angani taa za karatasi, wakikimbizwa na mafahali, wakipigana kwa nyanya, wakichonga majumba ya barafu. Akarudi amenenepa zaidi, na amekasirika.

"Ndugu zangu, tumedanganywa!" alinguruma ukumbini. "Tuliambiwa wenzetu wameendelea kwa sababu ya viwanda. Uongo mtupu! Nimekwenda, nimeona kwa macho yangu haya mawili. Kila nilikofika nilikuta watu wanasherehekea. Sikumwona hata mmoja anafanya kazi!"

Tulipiga makofi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kila alikokwenda alikwenda siku ya sikukuu yao, na kwamba kesho yake, yeye akiwa kwenye ndege, watu wale waliamka mapema wakaenda kazini. Katibu Mkuu wetu, Bwana Sospeta Nzelu, mtu mwembamba asiyependa kugombana na cheo chake, ndiye aliyepiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote.

Basi ikapitishwa Sheria ya Sikukuu. Kila siku ya mwaka ikapewa sikukuu yake kutoka ng'ambo, na zetu zikafutwa kwa kukosa hadhi ya kimataifa. Siku ya sikukuu, ukiacha sisi wa Wizara na polisi, ikawa marufuku kufanya kazi, kuumwa mbele za watu na kuomboleza. Waziri ndiye aliyefungua kila sikukuu asubuhi kwa kipaza sauti, redio ikamrusha hewani nchi nzima, na jioni akaifunga. Hakumwamini mtu mwingine na kipaza sauti. Kwa hiyo aliagiza iandikwe ndani ya sheria kwamba sikukuu ikishafunguliwa haisimamishwi kwa sababu yoyote, kwamba huifunga yule yule aliyeifungua kwa kinywa chake mwenyewe, na kwamba nyingine haifunguliwi kabla ya iliyotangulia kufungwa. Bunge lilipitisha kwa kauli moja, wengine wakiwa usingizini.

Siku mia tatu sitini na tano zikajaa pomoni. Lakini mwaka ule ulikuwa mrefu, na pale Februari ikabaki siku moja, tarehe ishirini na tisa, ambayo kamati iliisahau kabisa. Hiyo ndiyo ikawa siku ya kazi ya nchi nzima. Ukitaka kuoa, ishirini na tisa Februari. Ukitaka kung'olewa jino, ishirini na tisa Februari. Ikikupita, subiri miaka minne.

*

Sitaki mnielewe vibaya. Sikukuu za watu ni nzuri kwao, zina maana yake na zina wenyewe. Ila sisi tulizileta bila wenyewe na bila maana, tukabaki na vurugu.

Ilipofika Sikukuu ya Kupigana kwa Nyanya, Wizara ilikusanya nyanya zote za mikoa mitatu, tukazipasua ukutani mwa uwanja wa taifa kwa muda wa saa moja. Mwezi mzima watu walikula ugali kwa chumvi. Bibi mmoja alikamatwa akikomba rojo ukutani kwa kijiko, akashtakiwa kwa kosa la kula vifaa vya sikukuu.

Ikaja Sikukuu ya Kukimbizwa na Mafahali. Mafahali wa ranchi ya serikali walikuwa wameliwa zamani kwenye semina, kwa hiyo waliletwa ng'ombe watatu wa maziwa. Waliachiwa barabarani, wakasimama, wakaanza kutafuna mapambo. Waziri, akiwa jukwaani, akaamuru watumishi wa Wizara wawavute mikia mpaka wakasirike. Wawili hawakujali. Wa tatu alikuwa na ndama. Alimgeukia Bwana Nzelu, akamwinua kwa pembe, akamtupa mtaroni.

"Nakufa!" alipiga kelele Bwana Nzelu. "Jamani, nakufa mie!"

Tulikimbia kwenda kumtoa. Waziri akatuzuia kwa kipaza sauti. "Mwacheni! Sikukuu ikishafunguliwa haisimamishwi!"

Nilisogea jukwaani na daftari langu. "Mheshimiwa, samahani. Ile kelele ya Katibu Mkuu niiandike vipi?"

"Wewe umesoma wapi?" akanifokea. "Kelele yoyote ya mshiriki wa sikukuu ni shangwe. Andika!"

Nikaandika: shangwe kubwa. Mshiriki alilala mtaroni mpaka jioni Waziri alipoifunga sikukuu. Tangu siku hiyo Bwana Nzelu alitembea kwa kuchechemea, na kila alipomwona Waziri alimtabasamia kwa meno yote.

*

Wiki ya pili ya Januari, siku ya Kurushiana Maji, alikuja ofisini kwangu mwanamke wa makamo anayeitwa Nyamizi, mpika chakula cha wasafiri kule kijiji cha Mlamke. Alikuwa amelowa kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, kwa sababu kila polisi aliyekutana naye njiani alimmwagia ndoo moja kwa mujibu wa sheria.

"Hodi."

"Karibu, mama. Sikukuu njema."

"Mama yangu amefariki," akasema.

Nikatazama dirishani kama kuna aliyesikia. "Pole... yaani, hongera, mama. Leo hatusemi pole."

"Nimekuja kutaka kibali cha kumzika."

Mama yake nilimjua. Nani asiyemjua Bi. Kabula, mkunga wa Mlamke? Nusu ya wilaya ile ilipokelewa na mikono yake, na Waziri Kipandauso akiwemo. Inasemekana alitoka akiwa anapiga kelele, na hakunyamaza tena. Nikafungua kalenda, nikapitisha kidole Januari yote na Februari karibu yote.

"Nafasi ipo, mama. Tarehe ishirini na tisa Februari."

"Wiki saba!" Nyamizi akashika meza. "Maiti akae wiki saba? Baba, wewe huna mama?"

"Ninaye, lakini ni mzima. Yeye anafuata utaratibu."

Sikusema kwa ubaya, wallahi. Ndivyo tulivyozoea kusema pale ofisini. Alinitazama muda mrefu, maji yakimtiririka usoni, na sikujua yapi ya polisi na yapi yake. Nikamkumbusha atabasamu akitoka mlangoni, maana jirani yake mmoja alikuwa ameshamzika mkewe kwa siri nyuma ya nyumba, akakutwa na uso wa huzuni, na polisi wakamfukua marehemu na kumrudisha mochwari. Basi Nyamizi akampeleka mama yake mochwari ya hospitali ya wilaya, kwenye mashine ya barafu, akarudi kwake kusubiri.

*

Alisubiri wiki zote saba. Aliwaambia ndugu zake, akanunua sanda mpya, akawapanga wachimbaji. Wenzake walikuwa wengi. Wachumba walishapanga foleni mahakamani, wenye majino mabovu walishalala mlangoni mwa hospitali, mafundi walinoa misumeno. Nchi nzima ilikuwa inaisubiri siku hiyo moja kwa hamu ambayo sijapata kuiona kwenye sikukuu yoyote niliyoikagua.

Hilo ndilo lililotuponza. Tarehe ishirini na nane asubuhi Waziri alikuja redioni, sauti inamtetemeka kwa furaha.

"Wananchi! Nimepokea taarifa kwamba mnaisubiri kesho kwa shauku kubwa mno. Serikali yenu ni sikivu. Kesho natangaza iwe Sikukuu ya Siku ya Kazi! Mafundi watacheza ngoma na misumeno. Wauguzi watatuonyesha sindano. Atakayekutwa anafanya kazi yoyote siku hiyo tukufu, atachukuliwa hatua kali!"

Kabla hatujapumua akaongeza la pili. Tarehe tano Machi ilikuwa Sikukuu ya Majumba ya Barafu, na nchi yetu, kama mnavyoweza kuhisi, haina barafu. Kwa hiyo mashine zote za barafu zilizoko nchini zingekusanywa tarehe nne kwa ajili ya shughuli hiyo. Zote, akasisitiza, na za mochwari zikiwemo.

Saa moja baadaye Nyamizi alikuwa mbele ya meza yangu. Safari hii hakupiga hodi.

"Mnaondoa mashine," akasema. "Mama yangu mnamweka wapi? Juani?"

"Mama, taratibu..."

"Usiniambie taratibu!" Akaipiga meza, wino ukamwagika. "Mama yangu amewatoa watu tumboni miaka arobaini. Usiku, mvua, njaa, hajawahi kumwambia mtu njoo Februari! Mimi sitaki kitu kwenu. Sitaki ngoma, sitaki nyanya. Nataka shimo moja, na nataka kumlilia mama yangu. Basi!"

Niliona haya. Nasema wazi, kwa sababu mkaguzi hafundishwi kuona haya na ilinishangaza mwenyewe. Nikafunga mlango. Nikafungua kabati, nikatoa Fomu Namba Sita, Maombi ya Kutambuliwa kwa Sikukuu ya Kigeni. Tarehe tatu Machi ilikuwa imewekewa Sikukuu ya Kuviringisha Jibini, ila jibini lililoagizwa lilikuwa limeishia bandarini, matumboni mwa maofisa wa bandari, na siku ikabaki wazi.

"Kaa chini, mama," nikamwambia. "Kwa kuzika hatuna siku. Kwa kusherehekea, tunayo. Jina la sikukuu?"

Alinielewa mara moja. "Sikukuu ya Kuzika."

"Nchi inakotoka?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Ng'ambo ya mto," akasema. Nikaandika Ng'ambo tu, maana nilijua Waziri hatauliza zaidi.

"Siku hiyo washiriki hufanya nini?"

Nyamizi akafikiri. "Wanachimba kaburi. Wanapika, wanachota maji. Wanalima, maana watu wa msiba lazima wale. Mgonjwa anauguzwa. Watoto wanafundishwa adabu na kusoma. Kila mtu anafanya kazi yake. Halafu wanalia."

Niliandika yote. Nilipofika "wanalia" kalamu ikasita. Nikalikata neno lile kwa mstari, nikaandika juu yake "wanatabasamu". Aliona. Kisha, ili Waziri aipende fomu, nikaongeza la kwangu mwishoni: Mgeni rasmi hubebwa mabegani ndani ya jeneza lililopambwa, akashushwa kaburini kwa heshima zote. Niliandika tu kama mapambo. Mgeni rasmi wetu huwa hafiki kwenye sherehe za vijijini bila kuahidiwa kiti cha kuzunguka, na Mlamke hapakuwa na kiti kama hicho, kwa hiyo sikutegemea aje.

Waziri alisaini bila kusoma, isipokuwa ile sentensi ya mwisho, ambayo aliipigia mstari mara mbili.

*

Tarehe tatu Machi aliifungua Sikukuu ya Kuzika kwa redio kutoka mjini, nasi Mlamke tukamzika Bi. Kabula.

Sitaki kuikumbuka siku ile, lakini nitawaambia. Watu mia nne, wengi wao wakiwa waliopokelewa na mikono ya marehemu, walisimama kuzunguka kaburi wakitabasamu. Polisi wa Tabasamu walipita katikati ya mistari wakiwaangalia midomo. Mzee mmoja alitabasamu mpaka mashavu yakamtetemeka. Nyamizi alikuwa mbele. Jeneza liliposhuka, kifua kikaanza kumpanda.

"Mama, tabasamu," nilimnong'oneza. "Tafadhali. Watamfukua."

Akatabasamu. Nikaandika: shangwe ya wastani. Niliporudi nyumbani sikuweza kula.

*

Mngedhani yameisha. Hamjaijua Wizara. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, Mlamke walipokea barua yenye mihuri mitatu. Sikukuu ya Kuzika ilikuwa imeingia rasmi kwenye kalenda ya taifa na ingeadhimishwa kila mwaka tarehe tatu Machi. Waziri angehudhuria mwenyewe pamoja na mabalozi na wapiga picha. Wanakijiji waliagizwa kumwandaa marehemu, yaani kumtoa Bi. Kabula kaburini na kumsafisha, ili azikwe upya mbele ya wageni.

Nyamizi alikuja na barua mkononi. Hakupiga kelele safari hii, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mama yangu hatoki," akasema. "Waniue kwanza."

Nikaitoa ile fomu kwenye faili la kijani, nikaisoma kuanzia juu mpaka chini, nikafika kwenye mapambo yangu. Nikaenda nayo kwa Katibu Mkuu. Bwana Nzelu alisoma, akasoma tena, kisha akatabasamu kwa meno yote.

"Mkaguzi," akasema, "marehemu hahitajiki kabisa. Fomu inasema anayebebwa ni mgeni rasmi. Tutakuwa tumevunja sheria tukimbeba mtu mwingine."

Waziri alifurahi sana. Akaagiza jeneza la mvule lenye mito ya mahameli na jina lake kwa herufi za dhahabu. Alilijaribu ofisini mara mbili, akapigwa picha amelala, ameweka mikono kifuani, kofia ya chama kichwani. "Kumbe ndiyo maana wenzetu wameendelea!" akasema akiwa ndani.

Siku yenyewe uwanja wa Mlamke ulijaa. Kaburi lilikuwa limechimbwa hatua kumi kutoka la Bi. Kabula. Waziri akashika kipaza sauti.

"Mimi, Dakta Filemoni Kipandauso, natangaza kwamba Sikukuu ya Kuzika imefunguliwa rasmi!"

Akamkabidhi Bwana Nzelu kipaza sauti, akapanda jenezani kwa ngazi ndogo, akalala. Kifuniko kikafungwa, maana fomu haikusema kiachwe wazi na mafundi walikuwa watu makini. Wanaume kumi na sita wa Wizara wakamwinua mabegani. Kwa ndani tulimsikia akiimba. Wakamzungusha uwanja mara tatu, mabalozi wakapiga picha, bendi ikapiga. Kisha wakamshusha kaburini kwa heshima zote.

Kuimba kukakoma. "Sawa, inatosha!" sauti ikatoka chini. "Nitoeni!"

Watumishi wakatazamana. Mmoja, mwenye koleo, akamwuliza Katibu Mkuu, "Tufanyeje, mzee?"

"Fomu inasemaje?"

"Inaishia kushusha. Halafu, ni Sikukuu ya Kuzika."

"Basi endelea," akasema Bwana Nzelu.

Udongo wa kwanza ukalia juu ya mbao. Ndani kukawa na kishindo, halafu kelele, "Nakufa! Jamani, nakufa mie!"

Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Katika uwanja ule mzima, wenye mawaziri wadogo, wakurugenzi, wakuu wa mikoa na walinzi saba wenye bunduki, aliyekimbia mbele ni mmoja tu, Nyamizi. Aliruka kamba, akajitupa ukingoni mwa kaburi, akakamata koleo kwa mikono yote miwili.

"Mtoeni!" akapiga kelele. "Nyie ni watu gani? Huyu mama yangu ndiye aliyempokea! Mtoeni mtoto wa watu!"

"Sikukuu ikishafunguliwa haisimamishwi," Bwana Nzelu akamjibu kwa upole. "Inafungwa na aliyeifungua mwenyewe."

"Basi mpeni hicho kipaza sauti aifunge!"

Bwana Nzelu akakitazama kipaza sauti alichokishika. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Akakisogeza mdomoni. "Kimeharibika," akasema, na spika zote nane za uwanja zikasema vivyo hivyo, mpaka kwenye minazi ya mwisho wa kijiji.

Hakuna aliyecheka. Walinzi wakamshika Nyamizi mabega, wakamwondoa, na mkurugenzi mmoja akamwambia, "Mama, tabasamu." Wakurugenzi wengine walikuwa wanapokezana makoleo, kila mmoja anataka Bwana Nzelu, ambaye sasa ndiye Kaimu Waziri, amwone anavyojituma. Waliowahi kumpigia marehemu makofi mpaka viganja vikavimba ndio walioshindilia udongo kwa miguu. Kelele za chini ziliendelea kidogo.

Bwana Nzelu akanigeukia. "Mkaguzi, hiyo unaiandika vipi?"

"Kelele yoyote ya mshiriki..." nikaanza.

"Andika."

Niliandika: shangwe kubwa. Ni mwandiko wangu, siukani.

*

Kesho yake Bwana Nzelu aliamka akiwa Waziri, akavaa suti mpya, akaenda redioni kufungua Sikukuu ya Taa za Karatasi. Mwanasheria wa Wizara akamkimbilia mlangoni. Sikukuu mpya haifunguliwi kabla ya iliyotangulia kufungwa. Ya Kuzika haikufungwa, na mwenye kinywa cha kuifunga yuko chini yake. Waliita bunge, wakaita wataalamu, wakaunda tume tatu, mojawapo ikasafiri nje. Sheria ilikuwa imeandikwa vizuri mno. Bwana Nzelu hajafungua sikukuu hata moja mpaka leo. Ana suti tu.

Kwa hiyo nchi ile imo kwenye Sikukuu ya Kuzika, siku baada ya siku, na kwa mujibu wa Fomu Namba Sita washiriki wanachimba, wanapika, wanachota maji, wanalima, wanauguza, wanafundisha. Nyanya zimerudi sokoni. Watu wanang'olewa meno siku yoyote wanayotaka.

Wiki ya pili nilichukua ile fomu, nikaenda Mlamke. Nyamizi nilimkuta jikoni kwake anakoroga uji wa wasafiri, anatabasamu lile tabasamu la sheria, kwa mazoea tu. Makaburi yote mawili alikuwa ameyafagia.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, ingawa tunakaribiana umri.

"Marahaba. Umeleta barua gani tena?"

Nikaitandaza fomu mezani. Sikukuu iko wazi bado, nikamweleza, na fomu ya sikukuu iliyo wazi mkaguzi anaweza kuisahihisha. Nikalikata neno "wanatabasamu". Juu yake nikaandika upya lile nililolikata mwaka jana, na kumwonyesha.

Nyamizi hakujua kusoma sana, lakini neno lile alilisoma. Akaweka mwiko chini. Akatoka, akaenda mpaka kwenye kaburi la mama yake, akakaa kitako mchangani na kuvua kitambaa cha kichwa. Kisha akaangua kilio. "Mama! Mama yangu we! Nisamehe, mama, nilikucheka!" Majirani wakatoka majumbani mmoja mmoja, akina mama wakitupa vyungu, wazee wakiburuta ndala, wakamzunguka, na kijiji kizima cha Mlamke kikalia kilio cha mwaka mzima.

Nilisimama pembeni na daftari langu, kama nilivyofundishwa. Nikafungua ukurasa wa siku hiyo. Sheria naijua, kelele yoyote ya mshiriki ni shangwe.

Kwenye safu ya shangwe nikaandika sifuri, nikatia sahihi, nikaenda kukaa nao chini.